Siku Lori Letu Lilipotoa Maziwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile lori letu lilipotoa maziwa. Usicheke bado. Watu wote walicheka, na mimi ndiye niliyewachekesha, na kicheko hicho nusura kimtoe mtu mzima nyumbani mwake pamoja na mke, watoto watatu na jogoo mmoja mwenye hasira.

Kwanza nikuambie kwa nini nakuita mwanangu, Kibet, ingawa tumezaliwa tumbo moja na juzi tu uliniuma goti kwa sababu ya hindi la kuchoma. Nimekupita miaka minne. Nimeingia kidato cha tatu. Tena nina kovu hili, kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, na wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Jumatatu narudi bwenini, na kuanzia siku hiyo wewe ndiye utakayeangalia lori kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kwa hiyo keti hapa, weka hiyo manati chini. Leo mimi ni mzee. Ningekuwa na ndevu ningezishika.

Lori letu linaitwa Chemosit. Najua unajua, lakini mzee hueleza hata yanayojulikana. Ndiyo kazi yake. Chemosit ni yule zimwi wa hadithi za Kogo, bibi yetu, anayekula watoto wasiotaka kulala. Baba alilinunua lori kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, na siku lilipopanda mlima wa Chepseon kwa mara ya kwanza, Kogo alisikia mngurumo akaingia ndani akafunga mlango. Jina likabaki. Kazi yake ni moja: kukusanya majani ya chai kituoni, pale akina mama wanapopimiwa, na kuyafikisha kiwandani kabla hayajapata joto na kuwa mekundu. Majani mekundu kiwanda hakipokei. Chemosit akichelewa, mgongo wa Kogo umeinama bure siku nzima.

Sasa, kuhusu kulitunza lori, mimi nililelewa na walimu wawili, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchanganyikiwa.

Mwalimu wa kwanza ni Baba. Baba ni mtu wa ng'ombe. Kila kitu duniani anakielewa kupitia ng'ombe, hata Biblia. "Hii lori ni ng'ombe wa chuma," alikuwa akisema huku akilipapasa ubavu. "Kama unajua kuchunga, unajua kila kitu. Akiwa na njaa utaona. Akiwa na kiu atahema. Mpe maji." Na kweli, mimi nimechunga tangu nikiwa mfupi kuliko ndama. Ng'ombe akihema, unampeleka mtoni. Hakuna mjadala.

Mwalimu wa pili alikuwa dereva wetu, Mzee Nyakundi, aliyetoka milima ya Kisii kuja kuendesha magari ya mashamba ya chai, na sasa anakaa na mkewe na watoto wao katika ile nyumba yetu ya nyuma, karibu na mikaratusi. Mtu wa maneno machache. Kanisa lake linasali Jumamosi, na Jumamosi hawezi kugusa usukani hata ukimwekea ng'ombe mzima mezani. Yeye alikuwa na fundisho lake.

"Baba yako anasema ng'ombe," aliniambia. "Mimi nasema hii ni mgonjwa. Kila asubuhi tunapima. Maji, wakati injini iko baridi. Oili, wakati gari imesimama mahali sawa."

"Mahali sawa ni wapi, Mzee?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kila upande ni mteremko wa chai. Mwanangu, huku kwetu hata ugali ukiwekwa mezani huelekea bondeni. Akakuna kichwa, akanionyesha kipande kidogo mbele ya boma la ndama ambapo ardhi imelala kidogo. Mpaka leo ndipo tunapoliegesha.

Basi alinifundisha. Unachomoa kijiti cha oili, unakifuta kwa kitambaa, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Mara ya kwanza ni uongo, mara ya pili ni ukweli. Mkanda wa feni unaubonyeza kwa kidole gumba. Ukizama sana, umelegea, na feni haitapuliza rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, vya kutosha. Tairi unaligonga kwa chuma ulisikilize. Yote haya niliyaelewa. Nisichoelewa ni hili moja: kama lori linakunywa maji, kwa nini usilipe maji linapoona kiu? Nyakundi alisema, "Ikihema, ingoje." Baba alisema, "Akihema, mpe." Mimi katikati, kama mtoto anayevutwa mikono na shangazi wawili kwenye sherehe.

Basi tuingie kwenye makosa yenyewe.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka jana, Jumatatu. Asubuhi Nyakundi alikuwa akifunga nyavu za majani huku nyuma, akaniita kwa sauti.

"Kijana! Umeangalia mkanda wa feni?"

"Nimeangalia!"

"Na nini?"

"Na kidole!"

Uongo, mwanangu. Niliuangalia kwa macho, tena kwa jicho moja, maana lile jingine lilikuwa likimtazama yule jogoo wake aliyenyemelea chapati yangu. Nikasema kidole kwa sababu kidole ndicho alichotaka kusikia.

Jioni tukatoka kituoni lori limejaa. Tulipofika ule mlima baada ya daraja, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, ukakaa huko kama mtu aliyefika kwao. Nyakundi akazima injini. Akafungua boneti, akashika mkanda. Umelegea kama kamba ya mbuzi aliyetoroka, tena umepasuka pembeni. Aliniangalia. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

"Naenda dukani kwa yule mtu wa vipuri, nione kama yuko na mkanda," akasema. "Wewe kaa hapa. Usifungue rejeta. Usiguse. Ikiwa moto, hiyo ni kama mtu wa homa. Mtu wa homa hatupwi mtoni."

Akaenda kwa miguu. Nikabaki na Chemosit, naye anahema. Mwanangu, alihema hasa! Shhh, shhh, mvuke ukitoka ubavuni, na joto lake likanifikia usoni. Nyuma, nikatia mkono katika majani, nikaona yanaanza kupata vuguvugu. Humo mlikuwa na majani ya Kogo, na ya mke wa Nyakundi, na ya nusu ya wanawake wa kata yetu. Mto uko hapo chini, hatua thelathini. Ndoo ninayo.

Nikajiuliza: nimsikilize nani? Mmoja ni dereva, mwingine ni baba mzazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini methali haikusema wakuu wakiwa wawili na wanapingana unavunjika guu gani.

Nikashuka mtoni. Maji ya mto ule unayajua, yanauma meno. Nikarudi, nikavuta mkono wa sweta nikafunika kiganja, nikazungusha kifuniko cha rejeta.

Sitakueleza sana. Mvuke uliruka kama kitu kilichofungiwa mwaka mzima, ukapita ndani ya sweta. Nilipiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia ila ng'ombe wa watu ng'ambo ya mto. Lakini mimi ni mkaidi. Nikasema nimeshaumia, nisiumie bure. Nikainua ndoo kwa mkono mzima, nikamimina maji baridi yote.

Ndani kabisa ya injini nikasikia *tak*.

Unajua kioo cha taa ya chemni kikiwa moto, halafu tone la mvua likipenya kwenye mabati na kukiangukia? Sauti hiyo hasa. Ndogo. Safi. Kisha kuhema kukaisha, na mimi, punguani mkubwa, nikafurahi. Nikasema, unaona, alikuwa na kiu tu.

Nyakundi akarudi na mkanda, akaufunga. Akasubiri mpaka akaweza kuweka kiganja juu ya rejeta, ndipo akaifungua taratibu. Akashangaa.

"Maji imejaa?"

"Si ulijaza wewe asubuhi?" nikasema.

Akasimama pale akiyatazama yale maji kama mtu aliyekuta mlango wake umefunguliwa na hakuna kilichoibwa. Nilificha mkono nyuma. Nyumbani nikajipaka siagi, nikafunga kitambaa, nikavaa sweta juu yake. Baridi ya kwetu ni rafiki wa waongo. Hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa sweta.

Kuanzia hapo mambo yakawa hayaeleweki. Jumanne, maji ya rejeta yamepungua. Nyakundi akalala chini ya lori kutafuta panapovuja: pakavu. Jumatano vivyo hivyo. "Maji inaenda wapi?" akawa anajiuliza, anazunguka, anainama. Na mimi huku mbele nachomoa kijiti cha oili naona kinyume chake: oili inapanda! Sijaongeza hata tone. Nikadhani ni mteremko, nikasukuma mawe chini ya gurudumu. Bado inapanda. Ijumaa aliponiuliza nikamwambia, "Oili iko juu, Mzee, juu kabisa. Chemosit anajitengenezea mwenyewe. Tutafungua duka."

"Wacha mchezo."

"Haki ya Mungu!"

"Umesimamisha kwa mteremko tena," akasema, akaendelea kutafuta maji yake. Wote wawili tulishika ukweli, mwanangu, yeye mkia na mimi kichwa, na hakuna aliyejua kwamba ni mnyama mmoja.

Jumamosi ikafika. Nyakundi akavaa suti yake ya kijivu, akaenda kanisani na jamaa yake. Jumamosi Baba huendesha mwenyewe. Nikachomoa kijiti: mwanangu, oili haikuwa nyeusi tena. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, ile nzito ya wageni, yenye povu. Nikashtuka. Moyo ukaniambia kuna jambo. Lakini mdomo wangu huwa unatoka nyumbani kabla ya moyo kuvaa viatu.

Nikakimbia jikoni nikiinua kijiti juu. "Baba! Baba! Ng'ombe wako wa chuma amezaa! Ametoa maziwa! Leteni kibuyu!"

Wote wakacheka. Mama akashika mbavu. Kogo akauliza kama ni ya mtindi au ya kunywa. Wewe ulianguka kwenye magunia. Baba akajifuta machozi, akasema, "Basi mkamue vizuri, tusikose chai," akachukua ufunguo. Hakutazama kijiti. Nami, niliyejua kwamba sikuwa nimetania, nikaona aibu kusema "hapana, ni kweli". Nikakifuta kijiti kwa nyasi nikakirudisha.

Jioni Baba alirudi kwa miguu, viatu mkononi. Injini ilikuwa imegonga, ikapiga kelele, ikakwama katikati ya mlima, lori limejaa. Majani ya kituo kizima yaliwaka joto mpaka yakawa mekundu, yakamwagwa kando ya barabara. Baba hakula.

Jumapili asubuhi tukasikia sauti huko nyuma. Tulipofika, tukamkuta Nyakundi, aliyeachishwa kazi, anafunga godoro kwa kamba ya katani. Mkewe ameketi juu ya sanduku la bati akimtazama mtoto wake mdogo. Jogoo yuko ndani ya kikapu, kichwa nje, anatulaani.

"Oili imekuwa uji," Baba alikuwa akisema. "Uji! Dereva gani haoni kitu kama hiyo wiki nzima?"

"Mzee, Ijumaa niliuliza. Nikaambiwa iko juu."

"Na nani?"

"Na kijana."

Wote wakanigeukia. Baba akatikisa kichwa. "Huyu? Huyu akiniambia kumekucha, mimi natoka nje kuangalia jua kwanza."

Nikasema, "Baba, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeharibu. Jumatatu, pale darajani. Nilifungua rejeta ikiwa moto, nikamwaga maji baridi ya mto."

Kisha mtu akacheka. Nitakukumbusha ni nani: wewe. Hukuwa na ubaya; ulidhani mchezo unaanza. Baba akasema kwa uchovu, "Hata leo? Mtu anahama na bado unataka kuchekesha?" Na Nyakundi mwenyewe, mwanangu, ndiye aliyenimaliza. Aliinua macho kwenye fundo la kamba akasema kwa upole, "Asante, kijana. Lakini usiniokoe na uongo. Wacha niende na heshima yangu."

Maisha yangu yote nimesema uongo ukanunuliwa. Nikatoa ukweli mmoja, tena bure, na hakuna aliyeutaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilifika mahali ambapo nilikuwa tayari kuumbuliwa, na kifo chenyewe kikakataa.

Nikashika mkono wa sweta, nikavuta. Haukuja, sweta na kitambaa vilikuwa vimegandana na kidonda. Nikavuta tena. Mama akapiga ukelele, "Uui! Mtoto huyu!"

Nyakundi akaacha kamba. Akaja, akaushika mkono wangu kwa vidole viwili kama anavyoshika kijiti cha oili, akautazama juu na chini.

"Ulisikia sauti?"

"*Tak*," nikasema. "Kama kioo cha taa."

Akafumba macho. "Ndiyo hiyo. Silinda hedi, hii kichwa ya injini, ilipasuka. Maji ikaingia kwa oili. Ndiyo maana moja inapungua, ingine inapanda." Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akafungua macho akanitazama, na hilo ndilo lile karipio ninalolisikia hadi leo, ingawa hakupaza sauti. "Sikukataza wewe maji kwa sababu mimi ni mkali. Mimi pia niliona inahema. Hata mimi mwili ulitaka kuipa maji. Kazi ya dereva ni kungoja wakati mwili inataka kukimbia. Na ukiharibu, unasema siku hiyo hiyo, kama bado ni ufa. Ungesema Jumatatu, tungefungua hedi. Sasa tumeua injini."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliiandika methali hiyo kwenye mtihani nikapata alama zote, na sikujua inahusu lori.

Baba alikuwa akitazama chini. Akasema, polepole, "Mimi niliambiwa ametoa maziwa."

Akautoa ufunguo mfukoni.

"Niliambiwa, kijiti kiko mbele ya macho yangu. Nikacheka." Akamnyooshea Nyakundi ufunguo. Nyakundi hakuupokea.

"Mzee," akasema, "na Jumamosi ingine, nani ataangalia?"

Kwa mtu wa umri wa Baba, mwenye ng'ombe na boma na neno lake kikaoni, hilo lilikuwa swali zito. Aligeuza ufunguo mkononi mara mbili.

"Utanifundisha," akasema.

Ndipo Nyakundi akaupokea. Akanionyesha godoro kwa kidevu. "Wewe. Fungua." Lilikuwa na mafundo kumi na moja na nilikuwa na mkono mmoja. Hakuna aliyenisaidia, na nashukuru. Jogoo nilimfungulia mwisho, akaniparua.

Chemosit alivutwa kwa trekta mpaka kwa fundi wa Londiani, akalala huko hadi karibu na Krismasi. Likizo ile yote iliyobaki nilikuwa huko naosha vyuma kwa dizeli. Fundi alinionyesha ule ufa: mwembamba kama unywele wa mtoto. Nimeutazama sana, na nakiri bado sielewi vizuri. Sielewi jinsi unywele unavyoweza kula injini nzima. Wala sijui kosa lilianza wapi: kwenye ndoo, au kwenye mkanda ambao sikuubonyeza, au kwenye fundisho la ng'ombe, au kwenye kile kicheko cha jikoni. Nimelipanga mara nyingi usiku bwenini na kila mara linajipanga vingine. Labda wazee wa kweli wanajua. Mimi nina kovu tu.

Lakini haya ninayajua, mwanangu, na ndiyo ninayokuachia. Lori si ng'ombe; mwache Baba aseme, wewe itikia tu kwa heshima, kisha fanya ulivyofundishwa. Maji tia asubuhi injini ikiwa baridi, maji safi ya mvua kutoka kwenye pipa. Likipata moto njiani, zima, kaa chini, hesabu vichaka vya chai. Ukiweza kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo, ndipo ufungue. Oili isome pale mbele ya boma la ndama tu, mara ya pili baada ya kufuta, na usitazame kimo peke yake, tazama rangi. Ikipungua, sema. Ikipanda bila kuongezwa, sema kwa sauti zaidi. Mkanda ubonyeze, tairi ligonge, na usitamke "nimeangalia" kama kidole chako hakina uchafu. Ukiharibu kitu, mwambie Mzee Nyakundi kabla ya jua kuzama. Hatakupiga. Atakutazama, na utatamani angekupiga.

Na la mwisho, kwa sababu najua damu yako ni damu yangu: utani sikukatazi. Nyumba bila utani ni gari bila grisi. Ila sema kwanza, chekesha baadaye.

Mungu akutunze, mwanangu mdogo wangu. Maji yako yasipungue, oili yako isizidi, breki zako zishike mteremko wote wa Chepseon, na siku utakaposema jambo la ajabu lakini la kweli, awepo mtu wa kuinuka aje kutazama. Sasa nenda. Nyakundi amerudi sasa hivi kutoka kiwandani na Chemosit bado anahema.

Ngoja kwanza.